Tupeane uzoefu: hedifoni za wazi ulizoweza kuvaa saa nyingi bila kichwa kuuma

Mnukuzi
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Nasikiliza, narudisha nyuma sekunde tano, naandika, narudisha tena. Siku ya kawaida hedifoni zinakaa kichwani saa sita. Kwa miaka mitatu nilitumia za kuziba, zenye sponji za ngozi bandia. Sauti sina lawama nayo, ila ikifika mchana masikio yamelowa jasho kama nimetoka kuoga, na jioni utosi unauma mahali pale pale.

Mwezi uliopita rafiki akaniazima za wazi, zile ambazo mgongo wa kikombe una wavu, hewa inapita na sauti inatoka nje. Saa ya kwanza nilisahau kama nimevaa kitu. Saa ya tatu nikakumbuka, maana taya lilianza kuuma. Kumbe hewa peke yake haitoshi.

Sitaki kuambiwa "nunua hii". Nataka mnisimulie: ulivaa muda gani, palianza kuuma wapi, ukafanya nini. Aliyekosea aseme alikosea wapi, sitamcheka.

MiwaniMbili
Navaa miwani tangu darasa la nne, na hili wenye macho mazima hulisahau kabisa. Sponji ikikaa juu ya mkono wa miwani, kinachobanwa si sikio. Mkono wa miwani ndio unaokandamizwa kwenye mfupa wa juu ya sikio. Dakika arobaini huna habari. Dakika ya tisini unatamani kuvua vyote viwili ubaki na giza lako.

Nilibadilisha hedifoni mara mbili. Za pili zilikuwa nyepesi kuliko za kwanza, maumivu yale yale. Siku moja miwani ya kila siku ikavunjika, nikatoa ya akiba, ya zamani, yenye mikono myembamba kama waya. Nikasikiliza kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba bila kugusa kichwa. Mchawi alikuwa amekaa puani kwangu muda wote!

Siku hizi ile miwani nyembamba ni ya kusikilizia tu, haitoki nje. Na sponji nachagua za mahameli, zinazobonyea. Zinaumeza mkono wa miwani, wakati zile ngumu za ngozi bandia zinausukuma. Zamani kwenye za kuziba mkono wa miwani ulikuwa ukiacha mwanya na besi inatoroka. Kwenye zangu za wazi sijasikia tofauti ya kunikosesha usingizi.

KichwaKikubwa
Jina mnaliona, sina cha kuficha. Zangu za kwanza za wazi zilinibana kama koleo. Nikasoma mahali kwamba zipanuliwe: zivishe boksi lenye upana wa kichwa chako, zilale hivyo usiku kucha. Sikuwa na boksi, nikapanga vitabu vinne vinene. Asubuhi nikaona bado, nikaongeza cha tano. Siku ya tatu zikawa zinateleza kila nikiinama.

Halafu likaja ambalo sikulitarajia. Zilipolegea, utosi ndio ukaanza kuuma. Nilikuwa nachukulia kubana kama adui tu, kumbe kule kubana pembeni ndiko kulikokuwa kunashikilia sehemu ya uzito. Ukikuondoa kote, mzigo mzima unapanda juu. Kwa hiyo panua kidogo, vaa siku mbili, ndipo upanue tena. Na kama upinde wako, ule unaopita juu ya kichwa, ni wa plastiki, usiupinde. Nilijifunza hilo kwa sauti moja tu: ka!

Kingine, ukipima kikombe pima shimo la sponji, si kikombe chenyewe, na upime na kina chake. Ncha ya sikio langu inagusa kile kitambaa cha ndani kinachofunika spika. Saa ya kwanza mwasho, saa ya tatu moto. Niliwahi kuvaa Sennheiser HD 800 za mtu, zile zilizotoka 2009. Vikombe kama mabakuli, sikio halikugusa popote. Nilimrudishia kwa mikono miwili.

ChumaChembamba
Nyie mabakuli, mimi Koss Porta Pro, umbo lile lile la 1984. Sponji mbili, chuma chembamba, basi. Juu ya kila sikio kuna kijisponji kinachoegemea kwenye panja, na kuna kitufe cha kuchagua mzigo uende zaidi panjani au sikioni. Ila zinalalia sikio, hazilizunguki, kwa hiyo baada ya saa mbili gegedu linalalamika. Navua dakika kumi, narudi.

DadaMisuko
Watu wanasoma gramu kwenye boksi wakidhani wamemaliza. Hata mimi. Sennheiser HD 600 ni gramu 260 hivi, HD 800 ni 330, na kuna zile za sumaku bapa, zinazotikisa utando bapa badala ya spika ya kawaida, zinazovuka nusu kilo. Nikajiapiza kwamba juu ya 300 sigusi. Nikanunua nyepesi zenye upinde mwembamba uliofunikwa kasponji kama kipande cha mkate. Saa mbili tu, utosi unawaka.

Baadaye shemeji akanivisha Audeze LCD-2 Classic, hizo za zaidi ya nusu kilo. Nilijua nitavunjika shingo. Lakini zina mkanda mpana unaoning'inia chini ya upinde wa chuma, unalalia kichwa kizima badala ya nukta moja. Nikakaa nazo muda mrefu kuliko zile nyepesi zangu. Utosi kimya kabisa. Shingo ndiyo iliyokuja kudai chake, hasa nikiangalia chini kwenye simu. Kwa hiyo uzito haukufutika, ulihama mtaa.

Kwa wenzangu wenye nywele: misuko minene inainua upinde, ukikaza urefu uleule wa kila siku vikombe vinapanda na sponji inakalia sikio. Rekebisha urefu kila ukibadilisha mtindo. Mimi nikisuka naomba katikati paachwe bapa, upana wa vidole vitatu. Msusi wangu anadhani ni urembo.

Mnukuzi
DadaMisuko, nimejipapasa sasa hivi. Panapouma ni pale pale upinde unapogusa, upana wa vidole viwili hata havitimii. KichwaKikubwa, na hili taya? Sivai miwani.

KichwaKikubwa
Mkuu, vaa halafu ingiza kidole kati ya sponji na ngozi, kwanza juu ya sikio, kisha chini. Kama chini hakipiti na juu kinapita bila shida, vikombe vimeshuka mno au havijainama kufuata uso. Pandisha nafasi moja kila upande. Ikigoma, shida ni umbo la upinde, na hapo usihangaike na vitabu kama mimi.

MezaYaMixa
Mnaongelea kichwa, ngoja niongelee sauti maana ndiyo iliyonitia aibu. Sponji zangu za mahameli zilichakaa, zikawa ngumu kama sufi iliyofuliwa vibaya. Nikanunua mbadala, si za mtengenezaji, nene, za ngozi laini. Raha yake sikwambii, kama umelalia mto. Usiku ule ule nikamaliza kuchanganya wimbo wa mteja.

Kesho yake tukausikiliza ndani ya gari lake. Besi imekonda, imekwisha! Sponji mpya zilikuwa zimeiongeza besi masikioni mwangu, mimi nikawa naikata nikidhani imezidi. Sponji ndiyo inayoamua spika ikae umbali gani na sikio, na mwanya uwe kiasi gani. Ukibadilisha aina ya sponji umebadilisha hedifoni. Kama unasikiliza kwa starehe, haina neno, huenda hata ukaipenda. Kama unafanyia kazi, rudishia za asili, na usingoje zife kabisa. Mabadiliko yanakuja polepole, masikio yanazoea ubovu.

Na kwa anayekwenda kununua: Beyerdynamic DT 990 zimewahi kutolewa kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 32, 80, 250 na 600. Umbo karibu ni lilelile. Jamaa yangu alichukua za 600 kwa sababu namba ni kubwa. Alipozichomeka kwenye simu zikanong'ona. Omu nyingi zinataka amplifaya. Na usichanganye: omu hazikuambii lolote kuhusu kichwa kuuma.

MzeeWaKanda
Vijana, haya mnayoyaona mapya yalikuwepo. Sennheiser HD 414 za 1968 ndizo zilizoanza kuuzwa zikiwa wazi. Sponji zake za njano zilikuwa bapa, unazivua, unazifua kwa sabuni, unazianika, unazirudisha. Kaka yangu mkubwa alikuwa nazo, na mimi kazi yangu ilikuwa kufua. Zilikuwa na omu 2000, hizo simu zenu zisingezitikisa. Nilizivaa jioni nzima, kanda baada ya kanda, na sikumbuki kuumwa, ingawa nakiri wakati huo hata shingo ilikuwa changa.

Sponji ya kufulika ni jambo dogo mpaka upate ukurutu nyuma ya sikio. Kabla ya kununua uliza kama sponji zinatoka na kama mbadala wake unapatikana. Kuna zilizogundishwa moja kwa moja, zikioza umepoteza kifaa kizima.

Mnukuzi
Shikamoo mzee. Hilo la kugundishwa sikuwahi kuliuliza.

ZamuYaUsiku
Hakuna anayesema kuhusu walio karibu nawe? Hedifoni za wazi hazina siri. Napenda vitabu vya kusikiliza, nikilala upande wangu wa kitanda. Wiki nzima nilidhani mke wangu amesinzia. Usiku wa nane akageuka akaniambia, "Muuaji ni daktari, zima tulale." Na kweli alikuwa daktari.

Kazini ikawa mbaya zaidi. Kwenye mikutano ya mtandaoni wenzangu walikuwa wanasikia sauti zao wenyewe zikirudi. Maiki yangu ilikuwa inaokota kinachovuja kwenye vikombe. Nilipunguza sauti, nikasogeza maiki karibu na mdomo, ikapungua. Faida ninayoipata ni kwamba nikiongea najisikia kawaida, si kama nimeingiza kichwa kwenye mtungi. Saa tatu za mikutano bila uchovu ule. Lakini kama unashiriki chumba na mtu, muombe ruhusa kwanza. Au usisome riwaya za upelelezi.

Mlio
Nisikilizeni na mimi kidogo. Zangu zilikuwa za raha kiasi kwamba sikuzivua. Hapakuwa na jasho wala maumivu, kwa hiyo mwili haukunipa ishara yoyote. Chumba changu kiko juu ya barabara, na za wazi hazizuii kelele, basi lori likipita napandisha sauti, likishapita sishushi. Hivyo hivyo kutwa nzima. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kusikia mlio mwembamba kila nikizima taa. Daktari wa masikio alinipima. Mlio umepungua, haujaondoka.

Shirika la Afya Duniani linataja desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kikomo kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, na hizo ni saa za wiki, si za siku. Mnukuzi, wewe wa saa sita kwa siku, zidisha mwenyewe. Mimi sasa nachagua kiwango asubuhi palipotulia, na kitufe sikigusi tena. Lori likipita, nasimamisha.

NinaziFunga
Nitawaudhi. Nilihamia za wazi kwa sababu ya maneno kama haya, nikarudi za kuziba baada ya wiki tano. Nyumba ina feni, watoto, na jirani mwenye cherehani. Nilichofanya ni kubadilisha sponji za ngozi bandia nikaweka za kitambaa, na kuvua robo saa kila saa moja na nusu. Jasho limepungua. Ndiyo, MezaYaMixa, najua sauti imebadilika. Cherehani siisikii.

MezaYaMixa
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cherehani yako ingeniua.

Mnukuzi
Nimerudi wakuu, siku tisa baadaye. Kidole hakikupita chini, kilipita juu, kama KichwaKikubwa alivyosema. Nilipandisha nafasi moja kila upande, taya likanyamaza siku hiyo hiyo. Mlio, nimekusikia: nimeshusha sauti, na pale msemaji anapomung'unya narudia mara mbili badala ya kupandisha. Kazi inachelewa kidogo.

Utosi bado. Unaanza saa ya nne. Za rafiki nimezirudisha, nimepata zangu zenye umbo lilelile, sponji zinatoka. DadaMisuko, ule mkanda wa kuning'inia, mtu anaweza kujitengenezea?

DadaMisuko
Anaweza. Mimi nilitumia mkanda wa begi kuukuu, upana wa vidole vinne, nikaufunga pande zote mbili pale upinde unapokutana na vikombe. Uache ulegee kidogo ili upinde wenyewe usiguse kichwa kabisa. Vikombe vitashuka, kwa hiyo urefu utaurekebisha tena, usije ukalirudishia taya maumivu yake. Ukimaliza tuwekee picha.