Divinity: Original Sin 2, Baldur's Gate 3 au Solasta: mchawi aanzie wapi?

Section58: Wadau, punguzo linaisha kesho usiku na pesa iliyopo inatosha gemu moja tu. Nataka ya zamu kwa zamu, nicheze mchawi, na vita viwe vya akili. Nimebaki na tatu: Divinity: Original Sin 2, Baldur's Gate 3 na Solasta. Nichukue ipi?

Kondele_d20: Mashine hujataja. Kadi gani, RAM ngapi, SSD imebaki na nafasi kiasi gani? BG3 pekee inataka GB 150. Halafu, unapenda kubana matumizi ya uchawi au unataka kurusha kila vita bila kuhesabu? Bila majibu hayo tutakubahatishia tu.

MwanaMumias: Divinity, bila kufikiria mara mbili. Kila zamu unapewa AP (pointi za kutenda) 4, usizotumia zinavuka hadi zamu ijayo, mwisho 6. Uchawi ukishautumia unangoja zamu kadhaa, kisha unarudi. Vita vikiisha, tandika mkeka wa kulalia, damu inajaa, mnaendelea. Unaoisha ni ule unaokula Source, nishati ya uchawi mkubwa, peke yake.

Lanet_Mage: Mwambie pia habari ya kinga mbili, MwanaMumias. Kila adui ana kinga ya mwili na kinga ya uchawi. Kama kinga ya uchawi haijafika sifuri, kugandisha au kupiga shoti hakushiki. Kumwangusha chini nako kunangoja kinga ya mwili iishe. Sasa weka kikosi cha wapiganaji wawili na wachawi wawili: hawa wanabomoa ukuta huu, wale ukuta ule, hakuna anayemsaidia mwenzake. Ndiyo maana wengi huishia kikosi kizima cha mapigo ya mwili, na mchawi anakosa kazi.

Wanaopenda moto ndio huumia zaidi, hasa kwenye eneo la Blackpits. Viumbe vya mafuta vinatokea, ardhi inalowa mafuta, halafu mtu anarusha Fireball. Uwanja wote unawaka, na moto unageuka kuwa Necrofire, ule uliolaaniwa. Mvua haiuzimi. Dawa yake ni uchawi wa Bless, na kila Bless inakula pointi 1 ya Source. Huku mateka uliyekuja kumwokoa yuko katikati ya moto na kikosi kinaungua kila zamu. Cha kufanya: wachawi wakae sehemu za juu, wa moto abadilishe kazi, na Teleportation, uchawi wa kuhamisha mtu, iwe tayari ya kumtoa mateka mapema.

MwanaMumias: Hilo ni pambano moja. Na kwa kuwa zamu hupishana, wetu mmoja kisha wao mmoja, unahitaji mtu mmoja tu mwenye Wits (sifa inayoamua nani anaanza) ya juu aanze. Huyo akivunja kinga ya adui hatari zaidi, vita vimegeuka.

Section58: Samahani kwa kuchelewa, stima ilipotea. Laptop ni GTX 1650 ya GB 4, RAM GB 8, SSD imebaki na GB 90. Nacheza peke yangu.

Kondele_d20: Basi BG3 haiingii hapo bila SSD nyingine. Kiwango cha chini chao ni GTX 970, na 1650 iko chini yake kidogo. Ukiwasha FSR (inayokuza picha ndogo ili kadi ipumue) na kushusha kila kitu itacheza, lakini mji wa sehemu ya tatu utaitesa. Divinity inataka GB 60.

Kakamega_Mwanga: Mbona Solasta hamuitaji? Kwa mchawi ndiyo inayofuata kanuni za D&D, mchezo wa mezani, kwa ukali. Uchawi mwingi unataka mkono mmoja huru, kwa hiyo ngao mkono huu na silaha mkono ule vitakuzuia. Kumpiga adui aliye gizani kunakupa hasara, hivyo mtu abebe mwenge au mrushe uchawi wa Light. Hadithi ni nyepesi, hilo nakubali. Vita ni safi.

Lanet_Mage: Mimi bado ni BG3. Uchawi wa Haste unampa mwenzako tendo zima la ziada kila zamu, hakuna kinachoishinda.

Kondele_d20: Mpaka umakini wa mchawi unaoushikilia ukatike! Ukipigwa unarusha d20 (kete ya pande 20) dhidi ya 10 au nusu ya madhara, kubwa kati ya hizo. Mchawi wa Constitution (uimara wa mwili) 14 ana +2, yaani 65% dhidi ya 10. Akishindwa, aliyepewa Haste anapoteza zamu. Chukua kipaji cha War Caster, unarusha kete mbili na kuchukua kubwa, inafika karibu 88%. Au mpe dawa ya Speed, inatoa Haste bila kuhitaji umakini wa mtu.

Lanet_Mage: Au anza ngazi ya kwanza na Sorcerer, aina nyingine ya mchawi, upate ustadi wa Constitution kwenye kurusha huko.

MwanaMumias: Kete za BG3 zenyewe siziamini.

Lanet_Mage: Zima Karmic Dice kwenye mipangilio. Huja ikiwa imewashwa, na kazi yake ni kuzuia bahati mbaya kufuatana. Ukiizima, asilimia unayoona ndiyo unayopata.

Section58: SSD ya nje ya USB 3 inaweza kubeba BG3?

Kakamega_Mwanga: Inabeba, ila RAM GB 8 ndiyo itakayokukwamisha kabla ya SSD. Laptop yako ina nafasi ya pili ya RAM?