Balbu moja ya redio ya babu imekuwa nyeupe juu, nyingine zinameta. Kwa nini?

Mzabibu_Dom: Habari za jioni wakuu. Babu ametuachia redio ya mbao, alikuwa nayo tangu enzi zake za ukarani wa reli hapa Dodoma. Nimeifungua nyuma, nimekuta balbu tano za kioo. Nne zinameta rangi ya fedha kwa juu, moja ni nyeupe pe. Je, ni uchafu tu? Nataka kuichomeka kwenye umeme leo leo.

FundiMajengo: Usiichomeke, kijana! Kapasita za karatasi humo ndani, vile vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, zimeshachoka, zitaondoka na transfoma. Na hiyo nyeupe imekufa, imeingia hewa. Ile rangi ya fedha ni bariamu, aina ya metali. Huchomwa ndani ya valvu, yaani hizo balbu zako, kiwandani ili inyonye hewa iliyobaki. Kioo kikipata ufa, hata usioonekana, bariamu inageuka nyeupe.

Nimetengeneza redio hizi tangu ujana wangu, na nikiulizwa historia yake naanzia kwenye hewa. Fleming wa Uingereza, mwaka 1904, aliweka uzi wa moto na bamba ndani ya kioo. Elektroni zinaruka kutoka kwenye uzi kwenda kwenye bamba, hazirudi. Iliweza kunasa mawimbi, lakini haikukuza chochote. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akatia waya wa tatu katikati, yaani gridi. Volti kidogo tu kwenye gridi inaongoza mkondo wote unaokwenda kwenye bamba, na hapo ndipo mawimbi dhaifu ya antena yanapopata nguvu.

Ila de Forest aliamini valvu inahitaji gesi kidogo ili ifanye kazi! Ndiyo maana zake hazikulingana, na volti ikizidi zilitoa mwanga wa buluu. Harold Arnold wa kampuni ya simu na Irving Langmuir wa General Electric, kati ya 1912 na 1913, ndio walioshikilia kwamba hewa itolewe karibu yote. Kufikia 1915 valvu zilikuwa zikikuza sauti kwenye laini ya simu ya New York hadi San Francisco. Hao wawili hawatajwi vya kutosha, na mimi nawaheshimu sana.

BintiMpwapwa: Shikamoo mzee. Mbona redio hizo zilichelewa kuongea? Kwa mama mkubwa ulikuwa unawasha, unasubiri weee.

FundiMajengo: Marahaba mwanangu. Mwanzoni uzi wenyewe ndio ulitoa elektroni. Ukiuwasha kwa umeme wa nyumbani spika inavuma, kwa hiyo watu walitumia betri. Mwaka 1927 kampuni ya RCA ya Marekani ikatoa valvu ya UY-227. Hiyo ina kathodi, kibomba chembamba kinachopashwa moto na uzi uliomo ndani yake. Mvumo ukapungua sana, lakini kibomba lazima kwanza kishike moto.

Mzabibu_Dom: Asante sana mzee. Nitapata wapi nyingine?

FundiMajengo: Soma namba iliyo kwenye kioo uiandike hapa, nitazame kwenye sanduku langu. Usiifute vumbi kwa kitambaa, maandishi yale huondoka upesi.