Nani atutangazie maji ya choo yanapoingia ziwani?

Mama wa Kadutu: Ndugu zangu wa Bukavu, juzi baada ya mvua kubwa shimo la choo la jengo moja mlimani lilipasuka, maji meusi yakateremka kwa mfereji hadi mto Kawa unaoingia Ziwa Kivu, na saa ileile watoto walikuwa ufukweni wakijaza bidoni za njano. Hakuna aliyewaonya. Je, tangazo kama hilo ni kazi ya nani?

Jibu la 1: Mama, Uingereza Sheria ya Mazingira ya 2021 inazilazimisha kampuni za maji taka kutangaza ndani ya saa moja tangu mfereji wa dharura, ule wa kupunguza maji taka mvua ikizidi, uanze kumwaga mtoni. Wao wana vipimo kwenye mabomba. Kwetu jicho la jirani ndilo kipimo, kwa hiyo mkuu wa avenyu apigiwe simu kwanza, kisha redio.

Jibu la 2: Mimi ni muuguzi. Naomba tangazo litaje mahali, saa, na ufuko wa kuepuka, kwa sababu maneno «maji ni machafu» hayamsaidii mama mwenye bidoni mkononi. Wakimbizi maelfu walikufa kwa kipindupindu Goma mwaka 1994. Maji yachemshwe au yatiwe klorini, hata yakionekana maangavu. Tusisahau pia wenzetu wa Kamanyola, maana maji ya ziwa letu hutoka kwa mto Ruzizi na kuteremka hadi kwao.

Mama wa Kadutu: Asante, dada. Kesho asubuhi nitamwona mkuu wetu.