Mjadala: Wiki ya kura, tupande Mlima Kenya au tubaki?

Mwanzisha mada, Nairobi

Binamu zangu watano wamepanga safari na mimi ni wa sita. Tuondoke Nairobi Jumamosi, tarehe 7 Agosti 2027, tulale Nanyuki. Jumapili tuingie lango la Sirimon na kulala Old Moses, Jumatatu tufike kambi ya Shipton, mita 4,200. Jumanne tukae hapo hapo mwili uzoee hewa nyepesi, Jumatano alfajiri tupande kilele cha Lenana, halafu tushukie njia ya Chogoria. Ni ratiba nzuri. Agosti mvua huwa zimepungua kule juu na njia zinapitika.

Ila Jumanne hiyo ni tarehe 10, siku ya Uchaguzi Mkuu. Hawakukosea kalenda. Wamechagua wiki hiyo makusudi. "Tutoke mjini kabla hakujachafuka," ndivyo alivyosema mkubwa wetu.

Hofu yao naijua. Januari 2008 nilikuwa na miaka 14, tukiishi Nakuru. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika mtaani kwetu tulikimbilia uwanja wa maonyesho usiku. Mama alitoka nyumbani amebeba birika la chai, tupu, akaacha blanketi zote kitandani. Mpaka leo hajui kwa nini alishika birika. Nchi nzima ilizika watu zaidi ya 1,100 msimu ule. Kwa hiyo simcheki mtu anayetaka kuwa mbali.

Hata hivyo nimewaambia siendi, na nataka kueleza kwa nini, nipate kusahihishwa kama nimekosea.

Kenya unapiga kura pale ulipojiandikisha tu. Aliye Shipton siku ile kura yake haipo, basi. Na wanaosema kura moja ni tone baharini wakumbuke Machi 2013. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.07. Ukipiga hesabu, alivuka nusu kwa kura zipatazo 8,400 kati ya zaidi ya milioni 12. Zingepungua hizo, tungerudi duru ya pili. Hao 8,400 wanaenea katika vituo vichache vya Nairobi.

Kinachoniumiza zaidi ni hesabu ya pili. Sisi ni sita. Tutahitaji mwongozaji mmoja, mpishi mmoja na wapagazi kama sita. Hao ni wanane, wengi wao wenyeji wa vijiji vya chini ya mlima, wamejiandikisha huko huko. Tukikaa Shipton Jumanne, nao wako Shipton. Sisi tumeamua kutopiga kura. Wao nani amewauliza?

Mchangiaji, Kisumu

Dada, nakuheshimu, lakini usimpe mtu aibu kwa kuwatoa watoto wake mahali pa hatari. Agosti 2017 polisi waliingia mtaa wa Nyalenda usiku, nyumba kwa nyumba. Mtoto wa miezi sita alipigwa rungu ndani ya nyumba ya wazazi wake akafariki. Wazazi wale hawakuwa barabarani. Walikuwa kwao.

Mwaka 2022 nilipiga kura mapema asubuhi, saa tano nikawa kwenye matatu na wanangu wawili kwenda kwa dada yangu milima ya Kisii. Tulikaa mpaka matokeo yakatangazwa na siku nne zaidi. Watu wa pale kwetu waliniita mwoga. Wengi wao hawakuwa na nauli, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si neno mwoga. Likizo ya uchaguzi ni ya mwenye uwezo. Kama kuna la kujadili hapa, tujadili kwa nini usalama wa raia unategemea mfuko wake.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nitasema jambo ambalo wengi hawatalipenda. Kutokuwepo nako ni kura. Tarehe 26 Oktoba 2017, Mahakama ya Juu ilipokuwa imefuta uchaguzi wa Agosti na Raila akajiondoa kwenye marudio, nilipanda basi usiku wa kuamkia siku ile nikaenda Wundanyi. Nilitembea Milima ya Taita mchana kutwa, ukungu, migomba na ubaridi ambao sisi wa pwani hatuuzoei. Sikuwa natoroka. Nilikuwa nakataa. Waliofika vituoni nchi nzima hawakutimia hata asilimia 40 ya waliojiandikisha, na takwimu hiyo ilisema kitu ambacho hotuba hazikusema.

Kwa hiyo tusimpime mtu kwa kidole chenye wino peke yake.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Mombasa, hapo tofauti ipo na naomba uione. Oktoba ile kususia kulikuwa kumetangazwa hadharani. Kila aliyehesabu waliokosekana alijua wanasema nini. Binamu zangu hawasusii chochote. Ukiwauliza watakwambia wana wagombea wao, na usiku wa Jumanne watatafuta mtandao kwenye jabali ili wajue kama wameshinda. Wanataka matokeo bila kuyachangia.

Mama wa Kisumu, umesema kweli na nimejifunza. Ulipiga kura, ukaondoka. Sina neno juu ya hilo. Nami naona ndiyo njia ya wengi wetu, isipokuwa tusijidanganye juu ya muda. Katiba inaipa tume ya uchaguzi siku saba kutangaza matokeo ya urais. Mwenye malalamiko ana siku saba za kwenda Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 za kuamua. Karibu mwezi mzima. Mwaka 2022 tulipiga kura tarehe 9 Agosti, matokeo yakaja tarehe 15, uamuzi wa mahakama tarehe 5 Septemba. Mwaka 2017 hadithi ilikwenda mpaka Novemba. Safari ya siku sita haikufichi na lolote. Utashuka Chogoria ukute nchi bado imeshika pumzi.

Nilitaka pia kusema kuhusu fomu. Mwaka 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, ziliwekwa hadharani mtandaoni, na mwananchi wa kawaida aliweza kujumlisha mwenyewe. Mimi na jirani yangu tulikaa na daftari tukilinganisha fomu ya kituo chetu na ile iliyobandikwa mlangoni. Zililingana. Sijui kama kuna siku nimejisikia raia kuliko siku ile. Babu yangu alisimama kwenye mlolongo wa 1988, watu wakipangwa nyuma ya mgombea wao peupe, na bado aliyekuwa na mstari mfupi akatangazwa mshindi. Yeye hakuwa na fomu ya kulinganisha.

Mwongozaji, Naro Moru

Nimesoma yote. Mimi ni mmoja wa hao wanane, miaka 19 sasa nafanya kazi mlimani, nilianza nikiwa mpagazi.

Dada, nashukuru kwamba umetufikiria, lakini usitusaidie kwa kutunyima kazi. Agosti ndiyo msimu wetu. Uchaguzi ukikaribia wageni wa Ulaya na Marekani wanafuta safari, hata pale ambapo hakuna jiwe lililorushwa Nyeri nzima wala Laikipia. Mwaka wa uchaguzi tunakosa mapato ya miezi miwili iliyo bora. Kikundi cha Wakenya sita kikija wiki ile, kwetu ni unga.

Tarehe 8 Agosti 2017 nilikuwa Shipton na wateja watatu. Sikupiga kura. Nilihitaji karo ya muhula wa tatu. Hakuna aliyenilazimisha, ila pia hakuna aliyeniuliza. Jioni mpishi wetu, mzee ambaye hakuwahi kukosa kura tangu 1992, alikaa nje ya jiko peke yake mpaka giza likaingia. Nilijua anawaza nini kwa sababu nilikuwa nawaza hilo hilo.

Mwaka 2022 wateja wengine waliniandikia Juni wakiuliza, "Wewe unapigia kura wapi, na siku gani inakufaa tuanze?" Swali hilo tu. Tulianza tarehe 12. Siku matokeo yalipotangazwa tulikuwa kambi ya Mackinder, wapagazi wote tumeizunguka redio moja ndogo. Wengine walifurahi, wengine walikunja uso, kisha tukapika chakula cha wageni pamoja kwa sababu kilikuwa kimechelewa.

Mchangiaji, Cheptais

Wanangu, mimi ni mama mzee na nimesomewa mjadala huu na mjukuu. Mnazungumza mlima kana kwamba ni mahali pa amani. Amani ya mlima ni ya mgeni. Sisi wa Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, watu walikuwa wakishuka, hakuna aliyepanda. Vita vilikuwa juu ya mashamba ya Chepyuk, wanamgambo wakakata watu masikio, na jeshi lilipokuja Machi 2008 nalo likachukua vijana wetu, wengine hawakurudi. Tulikimbilia Bungoma na Trans Nzoia kwa miguu. Nchi ilikuwa ikitazama Naivasha na Eldoret, sisi hatukuonekana.

Nyinyi pandeni, hewa ya mlima ni dawa. Lakini mkifika, muulizeni mwenyeji hali yake kabla hamjamkabidhi mzigo.

Mwanzisha mada

Shikamoo, bibi. Asante kwa kutuambia. Sikuwa najua kwamba Elgon ilibeba hayo yote katika miezi ile ile tuliyokuwa uwanjani Nakuru.

Ndugu wa Naro Moru, nimekusikia. Nilisema siendi. Nabadilisha. Nimewaandikia binamu usiku huu tusogeze mbele: Jumanne kila mtu apige kura kwake, Jumatano tusafiri Nanyuki, Alhamisi tuingie Sirimon. Wawili wamekubali. Mkubwa wetu amesema Jumatano ndiyo siku ya kuogopa barabara kuliko zote, na sikuwa na jibu. Wewe unaijua barabara ile, unaonaje?

Mwongozaji, Naro Moru

Miaka yote barabara ya Thika mpaka Nanyuki siku inayofuata kura huwa tupu, maduka yamefungwa, watu wako mbele ya televisheni. Siwezi kukuahidi 2027. Mwambie kaka asubiri asubuhi, nitampigia saa moja nimweleze hali ilivyo, na kama si nzuri tunasogeza tena. Sitatoza chochote kwa kusogeza. Chakula cha njiani mnunue Jumatatu, Jumatano hamtapata kitu kimefunguliwa.

Na mje na betri za redio. Zetu huisha siku ya tatu.