Tupeane uzoefu: nani humu ashawahi kujipa zoezi la kusikiliza albamu nzima nzima mpaka akamaliza?

MzeeWaUpandeB
Wakuu salaam. Jana usiku nimemaliza albamu ya 365. Nilianza tarehe 1 Januari, moja kwa siku, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho hakuna kuruka, nikijua mwaka ukiisha na mimi nimemaliza. Imenichukua miaka miwili na miezi mitatu. Hapo katikati kuna msiba, kuna mtoto kulazwa, kuna miezi bando lenyewe hakuna. Ya mwisho niliitunza makusudi, Songs for the Poor Man ya Dk. Remmy, ile ya 1989 aliyoenda kurekodia Uingereza. Nimekaa nayo kibarazani taa zimezimwa, ilipokata nikabaki nimeshika simu tu kama mtu aliyesindikiza mgeni stendi basi likaondoka. Pagumu kuliko pote ilikuwa kuanzia ya 90 mpaka 120 hivi, masikio yanachoka jamani, unasikia ngoma husikii wimbo. Waliopita huko njooni.

kipusa_wa_tanga
Hapo kwenye 90 umenigusa. Mimi nilikwama ya 74.

nakuru_254
Mimi nilifanya za Kenya pekee, mia moja. Sasa zamu ya Nimefika ya E-Sir ikaangukia siku niko kwa matatu natoka Nakuru naenda Nairobi, wala sikuwa nimepanga. Hiyo ndiyo barabara iliyomchukua Machi 2003, ametoka Nakuru kupiga shoo, kijana wa miaka 21. Tulipofika Gilgil nikazima, nikaangalia nje ya dirisha mpaka tao. Nilimalizia siku tatu baadaye nikiwa kwa nyumba. Ni hiyo moja tu nilikata katikati na siwezi juta.

Bwana_Kanuni
Pole ndugu, ila ukikata katikati haihesabiki, rudia. Halafu tuelewane kwanza, mnahesabu nini humu? Maana naona mtu atakuja na EP, mkusanyo wa nyimbo chache tu, atuambie ni albamu.

zeze_la_pwani
FOA ya Diamond ya 2022 imeandikwa EP na ina nyimbo 10. Kaseti ya taarab tuliyokua nayo nyumbani ilikuwa na nyimbo nne, mbili huku mbili kule, na hakuna aliyesema hii si albamu. Sasa kipimo chako ni nini?

Bwana_Kanuni
Kipimo ni mwenyewe kaiitaje.

zeze_la_pwani
Basi Nuta Jazz na Marijani Rajab umewafuta. Bendi zetu zilikuwa zinaingia RTD, yaani Redio Tanzania, zinarekodi wimbo mmojammoja upigwe redioni, kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, zikitoka ni vile visahani vya nyimbo mbili vinachapwa Kenya. Hizi "albamu" zao tunazozisikiliza leo nyingi zimekusanywa na watu wengine baadaye kabisa. Mimi nimezihesabu na nitaendelea kuzihesabu.

Mama_Rahma
Naomba na mimi niandike ingawa nikikumbuka mwili unasisimka. Marehemu baba aliacha kaseti 140 kwenye ndoo mbili za rangi, kila moja kaandika jina kwa peni ya bluu, mwandiko wake ule wa kulala. Nikaweka nia nizisikilize zote, moja kila Ijumaa baada ya isha, kwenye redio yake mwenyewe. Nimefika ya 61, siku hiyo narudi kazini nakuta ndoo ziko tupu. Mdogo wangu kawauzia wale vijana wa skrepa wanaopita na toroli, elfu nne zote. Sikuvua hata kiatu, nikaita boda mpaka yadi moja Tabata, giza limeingia, mvua imetoka kunyesha, nazikuta zimemwagwa kwenye lundo la madumu na viti vilivyovunjika zinasubiri kusagwa asubuhi. Nikapiga magoti kwenye tope nikaanza kuchambua moja moja. Mwenye yadi akaona ninavyolia akasema elfu kumi na tano, nikampa. Wino wa bluu ulikuwa umeshaanza kuvuja, majina mengine yamebaki herufi mbili. Kuna moja ya kundi la TOT mkanda wote umetoka nje umejisokota kwenye mguu wa kiti, niliukunjua nusu saa nzima na ulipokatika nikauunga nyumbani kwa rangi ya kucha, mpaka leo ukifika pale mwimbaji kama anameza mate. Nilizipata 128. Mwezi uliopita ndo nimemaliza ya mwisho. Kati ya zile 12 zilizopotea ninayoikumbuka kwa jina ni Jirani ya Twanga Pepeta, baba alikuwa anaiweka kila Jumamosi akiosha Vespa yake.

kipusa_wa_tanga
Nimelia ofisini.

kijana_wa_mbagala
Huyo mdogo wako bado yuko hai?

Mama_Rahma
Yuko. Alinifuata mbio mpaka kule yadi, ndiye aliyenimulikia tochi.

Bwana_Kanuni
Pole sana dada. Ila kwa hesabu 128 kwa 140 bado hujamaliza.

zeze_la_pwani
Wewe Kanuni kwani nyumbani kwenu hamna wazee wa kukukanya? Mtu anaongelea mwandiko wa baba yake.

nakuru_254
Madam, hizo 128 zihamishe kwa kompyuta leo leo. Usingoje Ijumaa.

chuma_chakavu
Kila kaseti kabla hujaipiga ipeleke mpaka mwisho na kuirudisha, mkanda usigande.

fundi_spika
Msimdanganye, mkanda mzee ukiukimbiza kwa mota unakatika. Zungusha kwa kalamu taratibu, na hedi ya redio ifute kwa pamba na spiriti, usitie maji. Mama Rahma, Jirani ninayo. Niko Moshi, upande A umenyooka, upande B unakoroma kidogo wimbo wa mwisho. Nitumie namba inbox, Jumamosi namkabidhi kondakta wa basi la asubuhi.

Mama_Rahma
Nimekutumia kakaangu. Jumamosi niko stendi tangu saa nane.