Hivi mtu mzima na akili zake anamkaliaje Bibi Titi?

Wakuu, habari za jioni. Mimi yangu si nzuri. Nimetoka maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, sasa hivi, hata buibui sijavua, natetemeka.

Yule mama mnamjua. Wa Lindi mnamjua, wa Mtwara mnamjua, hata samaki wa Mikindani wanamjua. Yule anayevaa miwani ya jua mpaka msibani. Simtaji.

Sasa mimi nadarizi mito ya makochi. Kitambaa marekani nzito, ndani sufi halisi, siyo sponji la godoro la marehemu. Mbele naweka wanawake waliopigania watu: Wangari Maathai na miti yake, Mekatilili wa Menza anacheza kifudu, Rosa Parks kwenye basi. Na Bibi Titi Mohamed, ushungi kichwani, mdomo wazi anahutubia. Jicho lake la kushoto nimelifumua mpaka nguo ikataka kutoboka, maana kila nikimaliza anakonyeza.

Kaja. Salamu hana. Mkononi ming'oko, ile mizizi ya kuchemsha, ya moto kwenye gazeti, chumvi na pilipili juu. Akamnyanyua Bibi Titi mezani, akamtandika kwenye kiti changu cha plastiki, AKAKAA. Usoni! Mwanamke aliyezunguka nchi hii na TANU kuwatoa kina mama ndani, leo anakaliwa Ngongo na mtu anayemenya ming'oko!

Nikamwambia, "Shikamoo mama, huo ni wa kuuza." Akajibu, "Marahaba, kwani mto si wa kukalia?" Akaendelea kumenya. AMEKAA.

Halafu ndiyo anauliza bei. "Elfu ishirini na tano? Kwa bibi anayenifokea? Ungeweka maua ningechukua miwili." Akainuka, akaukung'uta mto kwa kiganja kilekile cha ming'oko, huyo akaenda zake. Pilipili imeingia jicho la kushoto, jamani. LILELILE.

Mabibo Makavu: Napita tu, nikirudi nitakaa. Siyo juu ya mtu lakini.

Kaka wa Shangani: Rosa Parks alikamatwa kule Montgomery mwaka 1955 kwa kugoma kumpisha mzungu kiti. Wewe kiti chako, mto wako, umetoa shikamoo 😂😂

Mleta uzi: Ningefanya nini, si unamjua yule? Na hakuegemea, ALIKAA, uzito wote.

Uraka Baridi: Bibi Titi si barabara ya Dar? Kwa hiyo umedarizi barabara, mtu akapaki. Kosa lake nini?

Mwalimu Mstaafu: Kijana, hiyo barabara imepewa jina lake. Mwaka huohuo 1955 ndipo alipoanza kuongoza kina mama wa TANU, na alitokea kwenye kuimba ngoma, ndiyo maana vikundi vya lelemama, ngoma ya kina mama, vilimfuata. Mwaka 1971 akafungwa maisha kwa kesi ya uhaini, mwaka 1972 akaachiwa. Binti yangu, futa pilipili ulale. Bibi ameona makubwa kuliko hayo makalio.

Mchonga Mpingo: Afadhali wewe kakalia akaondoka. Mimi alichukua kinyago cha mpingo, mama kabeba mtoto, urefu mpaka kiunoni. Siku nafuata hela nakuta kakiegesha mlangoni kuzuia mlango usijifunge. Nusu ya hela mpaka leo anasubiri korosho zilipwe.

Kaka wa Shangani: Korosho zipi tena? Geti nililomchomelea mimi nalo linasubiri korosho hizohizo!

Mama Ushanga: Hana shamba huyo. Mkorosho alio nao ni ule wa jirani unaoinamia uani kwake. Kwenye kikoba chetu aliapa kwa mkorosho huohuo.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, mtu amemkalia Bibi T

Mchonga Mpingo: Subiri kwanza dada. Wewe wa geti, alikupa ya kuanzia shilingi ngapi?

Kaka wa Shangani: Alinipa kuku. Jogoo. Na usiku jogoo akarudi kwake mwenyewe.

Uraka Baridi: Huyo jogoo namfahamu, kamlipa na fundi wa pazia 😂😂😂

Mama Ushanga: Fundi wa pazia naye asihurumiwe. Kitambaa changu amekaa nacho tangu Ramadhani, jana namwona mkewe kavaa sketi ya rangi ileile.

Mabibo Makavu: Fundi yupi, wa karibu na soko au wa Ligula? Maana wa Ligula ana suruali yangu.

Mleta uzi: Na mto je?

Mabibo Makavu: Mto uanike. Halafu hiyo ming'oko, fungu wanauzaje, na wako geti gani? Kesho naleta watoto.