Dungeons & Dragons: mchawi-kuhani azuiwe mezani?

Mleta mada: Wadau, kwenye mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, waendesha mchezo wengi wakisikia mchezaji anachanganya klasi (aina za wahusika) mbili za uchawi kwa mhusika mmoja wanakataa papo hapo. Naona wanaonea mchanganyiko dhaifu. Chukueni leveli 10, sheria za 2014. Mchawi 5/kuhani 5 (leveli tano za kila klasi) ana nafasi za uchawi, yaani mara anazoweza kuroga, sawasawa na mchawi 10: 4, 3, 3, 3, 2, kuanzia daraja la 1 hadi la 5. Ila uchawi anaoujua unaishia daraja la 3 pande zote mbili. Nafasi za daraja la 5 atazimalizia kwenye mpira wa moto, uchawi wa daraja la 3, uliokuzwa: kete 10 za pande sita, wastani wa madhara 35 badala ya 28 ya kawaida. Mchawi 10 kwa nafasi hiyohiyo anasimamisha ukuta wa nguvu, nusu ya maadui wanabaki nje ya pigano. Na orodha mbili hazileti zamu mbili. Hata uchawi wa umakini (unaodumu kwa kuukazia akili) unashika mmoja tu kwa wakati.

Mdau wa pili: Mkuu, umechagua mgawanyo mbovu kuliko yote. Wanaojua hesabu wanachukua kuhani 1/mchawi 9. Daraja la 5 analo, nafasi ni zilezile. Kuhani wa Uhai (tawi mojawapo la ukuhani) anampa deraya (vazi la vita) nzito na ngao: ulinzi 20, namba ambayo adui lazima aifikie kwa kete ya pande 20 na nyongeza yake ili ampate. Akirusha uchawi wa ngao, 25. Adui mwenye nyongeza ya +7 anampata mchawi wa ulinzi 15 kwa asilimia 65. Huyu anampata kwa 40, na akirusha uchawi wa ngao, kwa 15. Hapo ndipo penye tatizo.

Mleta mada: Lakini analipa. Kwenye leveli 5 ana nafasi ya daraja la 3 bila mpira wa moto. Deraya kamili, hiyo nzito, inadai Nguvu 15, la sivyo mwendo unapungua futi 10. Kwa pointi 27 za kununulia sifa za mhusika: Nguvu 15, Akili 15, Hekima 13, Siha 12, basi, zimekwisha.

Mdau wa tatu: Nguvu ya nini? Deraya nusu (ya uzito wa kati), Wepesi 14 na ngao vinatoa ulinzi 19. Bei pekee ni ile leveli moja, nayo ni ndogo mno. Msizuie mchanganyiko, zuieni deraya. Toleo la 3 la mwaka 2000 lilifanya hivyo: uchawi wa mchawi wenye ishara za mikono ulishindikana kwa asilimia 35 ndani ya deraya kamili, na ngao kubwa iliongeza 15. Rudisheni sheria hiyo kwa uchawi wa mchawi peke yake; ule wa kuhani uacheni ulivyo.